Herufi Nane

Wiki tatu kabla ya uchaguzi, kampuni moja ya kura za maoni iliwapigia simu watu elfu moja kuwauliza wangemchagua nani, na watu mia tatu themanini na mmoja wakajibu "mwenyewe".

Aliyeligundua hilo alikuwa mkaguzi wa majibu, mtu mwembamba wa miaka arobaini na tisa ambaye ofisi nzima ilimwita Asilimia. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kukaa kwenye meza ya pembeni ya chumba cha simu na kuyageuza maneno ya watu kuwa namba. Moja ni Chama cha Taa, kinachotawala. Mbili ni Chama cha Ngazi, kinachotaka kutawala. Tatu ni vile vyama vingine, ambavyo hutaka kualikwa tu. Nane ni hajui, na tisa ni amekataa kujibu. Mtu angeweza kulia, kutukana au kumshukuru Mungu kwenye simu kwa robo saa nzima, lakini akifika mezani kwa Asilimia alikuwa namba moja, mbili, tatu, nane au tisa, basi.

"Mwenyewe" haikuwa namba. Asilimia aliinuka, akapita kati ya meza ishirini za wapiga simu, akamsimamia dada wa meza ya nne, ambaye ndiye aliyekuwa na mwenyewe wengi kuliko wenzake.

"Dada, hawa watu wako walisema nini hasa? Nitapiga mwenyewe, au nitampigia mwenyewe?"

Dada alivua vidude vya masikioni. "Walisema hivyo hivyo, mzee. Vyote."

"Vyote vipi? Hayo ni mambo mawili tofauti!"

"Kisanduku kinakubali herufi nane tu. Nikiandika 'nitampigia', kinagoma. Mwenyewe ni herufi nane kamili. Hesabu."

Asilimia alihesabu kwa vidole. Ni kweli zilikuwa nane. Programu ile ilinunuliwa kwa bei ya kutupa kutoka kwa watu waliokuwa wakiuliza habari za sabuni, na sabuni huwa na majina mafupi. Akawauliza na wapiga simu wengine, kila mmoja akamwambia hivyo hivyo, kwa macho makavu. Kumbukumbu ya nani alisema nini hawakuwa nayo, kwani mtu anayepiga simu hamsini kwa siku hakumbuki hata alichokula mchana. Na ile mashine ya kurekodi mazungumzo, ambayo kila mpigiwa simu huambiwa inafanya kazi "kwa ajili ya ubora wa huduma", ilikufa mwaka wa uchaguzi uliopita na juu yake kulikuwa na birika la chai.

Hapo Asilimia akashika kichwa. Anayesema "nitampigia mwenyewe" anamsema mkubwa, yule aliye kwenye kiti, Mheshimiwa. Anayesema "nitapiga mwenyewe" anasema kura ni yake na wewe na simu yako mwende zenu. Hawa wawili hawafanani hata kidogo. Na kilichokuwa kikiwatenganisha kilibaki nje ya kisanduku, kwa kukosa nafasi.

Alipeleka habari kwa mkurugenzi. Mkurugenzi aliitwa Daktari, ingawa daktari wa nini hakuna aliyewahi kuuliza akabaki na kazi. Ofisi yake ilikuwa na zulia, kipoza hewa, na picha yake akipeana mkono na watu ambao kila baada ya miaka mitano ilibidi wabadilishwe. Siku hiyo alikuwa amekaa na Mpwa, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka thelathini aliyekuja kazini miezi minne iliyopita akiwa na kompyuta mpya na manukato yanayotangulia mlangoni.

Daktari alisikiliza, kisha akacheka kwa raha. "Ndugu yangu Asilimia, mbona unajitafutia presha? Mwenyewe katika nchi hii ni nani? Si Mheshimiwa? Waweke wote namba moja."

"Mjomba, Taa wanapata sitini na saba," alisema Mpwa, ambaye alikuwa ameshapiga hesabu.

"Sitini na saba!" Daktari alilionja lile neno. "Namba nzuri. Haiogopeshi, haitii aibu."

"Lakini Daktari, wengine huenda walikuwa wanakataa tu kujibu."

Daktari alimtazama kwa huruma, akamwambia Mpwa awapishe. Mlango ulipofungwa, alishusha sauti. "Kile cheo cha Mkuu wa Uchambuzi. Ijumaa tunatangaza matokeo, Jumatatu natangaza cheo. Chama cha watafiti kinataka saini ya mkaguzi kwenye jedwali, na mkaguzi ni wewe. Saini yako ikiwepo, chumba cha pembeni ni chako. Chenye mlango."

Na hapa lazima niseme wazi, maana Asilimia mwenyewe hakuona haya kulisema moyoni mwake. Alikitaka kile cheo mpaka kilikuwa kinamuuma. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa kwenye njia ya kwendea chooni, kila apitaye akigusa kiti chake. Baba mkwe wake, karani mstaafu wa mahakama, kila walipokutana kwenye shughuli za familia alimtambulisha kwa wageni hivi: "Huyu ndiye mkwe wangu, anapiga simu." Asilimia alikuwa hapigi simu. Alikuwa akikagua majibu. Lakini huwezi kumkosoa mkwe mbele za watu, hivyo akawa anameza na kutabasamu, mwaka baada ya mwaka. Mkuu wa Uchambuzi! Hilo hata mzee yule angelitamka kwa heshima.

"Nipe siku mbili," alisema. "Niwapigie baadhi yao, niwaulize walikuwa na maana gani. Nikitia saini, iwe na uzito."

Daktari hakuona ubaya. Saini yenye uzito ilimfaa zaidi.

Mia tatu themanini na mmoja walikuwa wengi mno, kwa hiyo Asilimia alichukua kila wa sita, akapata watu sitini na watatu. Asubuhi ya Jumatano alikaa kwenye meza ya akiba, akavaa vidude vya masikioni, akakohoa kidogo, akatoa ile sauti yake ya kazini, nzito na ya taratibu, ambayo nyumbani huwa haitumiki.

Wa kwanza alikuwa fundi wa magari.

"Wiki iliyopita ulijibu kwamba utampigia mwenyewe. Ulimaanisha nani?"

"Si mwenyewe!"

"Ndiyo, lakini yupi?"

"Kwani nyinyi mnamjua yupi?" Nyundo ikagonga bati kwa mbali. "Hii simu inarekodiwa?"

Asilimia alitazama birika la chai. "Ndiyo, kwa ajili ya ubora wa huduma."

"Basi andika huyo huyo."

Aliyefuata alikuwa bibi aliyekula chumvi nyingi, akafikiri anaulizwa atasindikizwa na nani kituoni. "Nilishawaambia nitakwenda mwenyewe, mjukuu wangu. Miguu ninayo. Nyinyi mnataka kuniletea gari ili mkifika mniambie niwalipe kwa kura." Dereva mmoja wa lori alieleza kwamba mwenyewe ni kiongozi wa Ngazi, kwa sababu huyu aliyepo ni kaimu tu, hata kama yeye binafsi hajaambiwa. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole alisema mwenyewe ni Mwenyezi Mungu, na alipoulizwa Mungu amesimama kwa tiketi ya chama gani, alikata simu. Mwalimu mstaafu ndiye aliyemchosha kuliko wote.

"Kijana, swali lako lina kasoro. 'Ungempigia' ni la masharti. Kama uchaguzi ungefanyika leo! Haufanyiki leo. Kwa hiyo simpigii mtu. Nikikujibu nitakuwa nimesema uongo kwa sarufi sahihi."

"Nikuandikie nini basi, mwalimu?"

"Niandikie mwenyewe. Nilisema nitapiga mwenyewe, na siku ikifika nitapiga mwenyewe."

Hadi Alhamisi saa nane mchana alikuwa amebakiza mtu mmoja. Namba ile haikumwambia kitu. Aliibonyeza huku jicho moja liko kwenye saa ya ukutani, na simu ilipopokelewa, kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa mlio wa cherehani, tarararara, kisha ukasimama.

"Haloo?"

Alikuwa mke wake.

Msimcheke haraka. Nani siku hizi anajua namba ya mkewe kwa kichwa? Kwenye simu ya Asilimia mke wake aliandikwa "Nyumbani", na alipotaka nyumbani alibonyeza nyumbani. Kompyuta ya ofisi ndiyo iliyomwokota mama huyu kati ya namba za nchi nzima, dada wa meza ya tano akampigia, naye hakumwambia mumewe lolote.

Kanuni zilikuwa wazi kwamba mkaguzi hahoji ndugu. Alipaswa kukata simu. Badala yake akakohoa, akaongeza uzito wa sauti. "Habari za mchana, mama. Napiga kutoka kwenye utafiti wa maoni. Wiki iliyopita jibu lako lilikuwa 'mwenyewe'. Tungependa kujua ulikuwa na maana gani."

"Nilisema nitapiga mwenyewe."

"Yaani... hukutaka kumtaja mgombea?"

"Yaani nitapiga mwenyewe. Nina mume, bwana. Ni mtu mzuri, sina ugomvi naye. Lakini kila uchaguzi ukifika, asubuhi kabla sijanawa uso, ananikalisha ananifundisha. Weka alama hapa, kunja hivi. Mara ya kwanza nikasema sawa, mimi ni mgeni wa mambo. Sasa nina miaka arobaini na nne. Nashona suti za watu, sijawahi kukosea kipimo, lakini nafundishwa kukunja karatasi. Miaka yote hajaniuliza hata siku moja mimi nampenda nani. Huyo binti yenu aliyenipigia ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

Asilimia alihisi masikio yakimwaka moto ndani ya vile vidude. "Na... safari hii unampigia nani?"

"Mume wangu hajui. Nikuambie wewe?"

"Hapana, mama. Ni haki yako. Asante kwa muda wako."

"Asante na wewe. Ukirudi pitia dukani uniletee uzi mweusi, umeniishia."

"Umenijua?"

"Baba watoto, hiyo sauti si ndiyo unayomtolea baba yangu? Usisahau uzi." Na cherehani ikaendelea kabla simu haijakatwa.

Alikaa pale mpaka wapiga simu wakaanza kukusanya mikoba yao. Aibu ilikuwepo, na alistahili. Lakini kilichomtafuna zaidi ni kitu kingine: kama angetia saini ile sitini na saba, mkewe angekuwa ndani yake, amewekwa namba moja bila kuulizwa, na aliyemweka angekuwa yeye, kwa mara nyingine. Alijumlisha. Kati ya sitini na watatu, kumi na wanne walimsema Mheshimiwa, kumi na mmoja kiongozi wa Ngazi, wawili Mungu, tisa walikata simu. Ishirini na saba walisema, kwa lugha laini au kwa matusi, kwamba kura ni yao na haiwahusu watu wa simu. Angeweza kuwagawa kwa hesabu. Alijua namna kumi za kuwagawa. Hakuwagawa. Alichukua jedwali, akaandika Taa ishirini na tisa, Ngazi ishirini na sita, wengineo na wasiojua saba, na chini yao mstari wa peke yake: Mwenyewe, thelathini na nane. Akatia saini, akakiaga chumba chenye mlango, na kwa kweli machozi yalimlengalenga.

Ijumaa asubuhi, kwenye ukumbi wa hoteli uliokodiwa, Daktari alikuwa anapambana na tai. "Umetia saini?"

"Nimetia saini."

"Safi sana," alisema Daktari, akachukua faili bila kulifungua. Nakala zilikuwa zimeshagawiwa kwa waandishi wa habari. Mstari wa mbele walikaa msemaji wa Taa na msemaji wa Ngazi, wameachiana kiti kimoja kitupu katikati ili wasigusane mabega.

Daktari alisoma kwa mbwembwe mpaka alipofika kwenye asilimia ishirini na tisa. Alisoma iliyobaki kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi, na alipofika mwisho, mwandishi mmoja alinyoosha mkono.

"Daktari, huyu Mwenyewe anayeongoza ni wa chama gani?"

Kabla Daktari hajajibu, msemaji wa Taa alikuwa ameshasimama.

"Hilo halihitaji utafiti! Mwenyewe ni mwenyekiti wetu. Ishirini na tisa na thelathini na nane ni sitini na saba. Tunawashukuru wananchi!"

"Nani kakudanganya?" alidakia msemaji wa Ngazi. "Mwenyewe ni mwananchi mwenyewe, na mwananchi ni sisi. Ishirini na sita na thelathini na nane ni sitini na nne. Tumeshinda!"

Wakapigiwa makofi wote wawili, na hakuna hata mmoja aliyejumlisha sitini na saba na sitini na nne. Waandishi waliandika mbio mbio. Mpwa alikuwa anashangilia bila kujua upande gani. Daktari, ambaye jasho lilikuwa limeshamfika kwenye kola, alitazama kulia akaona mteja wake, yule wa Taa, amefurahi, akatazama kushoto akaona mtu anayeweza kuwa mteja naye amefurahi, na uso wake ukanawiri tena. Akamvuta Asilimia kwa mkono wa koti.

"Wewe ni mtaalamu, sikujua!" alimnong'oneza. "Cheo chako kiko pale pale. Nenda kwenye kipaza sauti, sema Mwenyewe ni Mheshimiwa. Sema kwa upole, uwaachie na hawa wengine matumaini kidogo. Sentensi moja tu."

Kwa hiyo kile kitu alichokiaga jana yake kilirudi, kimesafishwa, kikamkalia mkononi. Sentensi moja tu. Alipiga hatua nne mpaka kwenye kipaza sauti. Kamera zilimgeukia. Alijua redio ya juu ya kabati la nguo nyumbani huwa wazi mchana kutwa, cherehani ikilia ama isilie.

"Mimi ndiye mkaguzi," alisema, na sauti nzito ilikataa kutoka, ikatoka ile ya nyumbani. "Mwenyewe ni nani, sijui. Tuliwauliza wakakataa kutuambia. Wana haki. Hata mke wangu ni mmoja wao, na nimeishi naye miaka ishirini na miwili, na sijui anampigia nani."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Walifikiri ni utani. Daktari alicheka kuliko wote, akampigapiga mgongoni mbele ya kamera, na nje, kwenye ngazi za hoteli, akamwambia bila kicheko chochote kwamba Mkuu wa Uchambuzi atakuwa Mpwa.

Asilimia alifika nyumbani jua halijazama, na uzi mweusi mfukoni. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, kushoto kwake rundo la kofia za manjano, kulia rundo la kofia za bluu, na zote alikuwa akizitarizi neno moja: Mwenyewe. Wametoka hapa watu wawili, alimweleza, wa Taa saa nane na wa Ngazi saa tisa, kila mmoja anataka kofia mia tano na kila mmoja ameomba mwenzake asijue.

Alipokea uzi, akautazama kwenye mwanga. "Nimekusikia redioni. Cheo?"

"Amepewa Mpwa."

"Imekuuma?"

"Imeniuma sana," alisema Asilimia, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

Mkewe alizima cherehani. "Baba kapiga simu. Anasema umemtia aibu, mwanamume gani anatangazia nchi kwamba hajui mambo ya mkewe. Nimemwambia, baba, na wewe muulize mama. Hajapiga tena." Alivua miwani. "Haya, sasa zamu yako. Wewe huwa unampigia nani?"

Miaka kumi na mmoja ya kukagua majibu ya watu, na hakuna aliyewahi kumgeuzia swali. Alitafuta jibu la kumpa, akaona aibu kulitoa, lakini baada ya siku ile hakuwa na aibu nyingi iliyobaki.

"Mimi huwa nampigia anayeongoza."

"Na nani huwa anakuambia kwamba anaongoza?"

Asilimia alitazama mikono yake, yenye wino wa kalamu nyekundu kwenye vidole viwili.

"Mimi," alisema.